Kichupa Nilichokitikisa

Masika nzima niliamini kwamba ndani ya friza yetu kulikuwa na maradhi ya kufa maji. Yamefungwa kwenye vichupa vinne, kila kimoja kidogo kuliko kidole changu cha mwisho, na yeyote yatakayemgusa atang'aa kijani kwanza, kisha ziwa litamwita kwa jina lake na la baba yake. Habari hizi alinipa Kalume, mpakuzi wa mizigo pale uwanja wa ndege, mtu ambaye hajawahi kushusha kasha bila kujua kilichomo. Nilimwamini kwa moyo wangu wote. Sikukanyaga ufukweni. Nilijipangusa kwa kitambaa chenye maji kama mgonjwa aliyelazwa, mpaka mke wangu akaniuliza kama nimehama dini. Mchana kweupe nilijifungia stoo, nikaziba nyufa za mlango kwa magunia, nikajikagua mikono gizani. Siku moja niliapa dole gumba linawaka. Kumbe ni saa yangu.

Nitaeleza nilifikaje huko. Ninyi mliobaki na ile friza mmeniomba niandike kumbukumbu za kazi, nadhani mkitegemea nitawafundisha kusoma kipimajoto. Kipimajoto kina namba, zisomeni. Vyeo sitavitaja, kwa sababu vilikuwa viwili na kimoja kilikuwa cha kukaimu. Mshahara nao tuuache upumzike.

Nilianza kama mtunza stoo ya chanjo, nikiwa na elimu ya darasa la saba na kidato cha nne cha masomo ya jioni pale Mwanga, Kigoma mjini. Darasa letu lilikuwa juu ya duka la mashine ya kusaga. Mwalimu wa baiolojia alifundisha kwa kupiga kelele kushinda mashine, na mpaka leo nikisikia mahindi yanasagwa nakumbuka sehemu za ua. Nilipata D ya baiolojia. Naitaja kwa sababu niliipigania, na kwa sababu Sista Zituni alinikabidhi friji siku ya kwanza akisema, "Wewe si umesoma baiolojia?"

Sista Zituni alikuwa muuguzi wa zahanati ya Rusimbi, mwembamba kama utambi, na sauti yake ilifika Ujiji kabla yake. Asubuhi ile ya kwanza niliingia na shati jeupe la kuazima.

"Shikamoo Sista."

"Marahaba. Lala chini."

"Sista?"

"Lala chini, shavu sakafuni. Unaona moto rangi gani?"

Friji zetu zilikuwa za mafuta ya taa, zenye kijitanki na utambi chini kabisa. Zilikunywa mafuta kuliko lori la mkaa. Nikalala na shati la watu. "Njano," nikasema.

"Njano ni moshi, na moshi haugandishi kitu. Leo watoto wa Buzebazeba hawachanjwi mpaka huo moto uwe bluu. Kata utambi."

Nilikata utambi mara nane. Shati lilirudi kwa mwenyewe likiwa la rangi nyingine, na urafiki wetu ukaishia hapo. Lakini moto ulikuwa bluu.

Jambo kubwa alilonifundisha ni kutikisa. Chanjo ya pepopunda ikiganda imeharibika, ila kwa macho haionyeshi. Kwa hiyo unachukua kichupa kimoja unakigandisha makusudi, unakiyeyusha, halafu unakichukua na kile unachokishuku, unavitikisa vyote, unaviweka mezani na kusubiri nusu saa. Kilichoharibika kinaacha machicha chini na maji maangavu juu. Kizima kinabaki na ukungu wake. Sista alisema, "Dereva atakuambia safari ilikuwa nzuri. Rubani naye atakuambia safari ilikuwa nzuri. Usibishane nao. Tikisa."

Nikatikisa. Ile miaka watu walipokuwa wanavuka ziwa kutoka Kongo na mpaka kutoka Burundi, wengine na godoro, wengine na mtoto tu, nilitikisa vichupa juu ya boneti ya lori, juu ya gogo, na mara moja juu ya kichwa cha mchungaji aliyekuwa amelala. Kambini foleni ya akina mama ilikuwa ndefu hivi kwamba wa mwisho alifika na mtoto anayetembea. Sikumruhusu muuguzi yeyote kuchoma sindano kabla sijatikisa. Walinichukia, na mimi nikazidi kunenepa kwa fahari.

Miaka ikapita, friji za mafuta zikaenda kwa vyuma chakavu, nami nikahamishiwa maabara. Dokta Neema alikuwa binti wa Buzebazeba, mmoja wa wale tuliowakatia utambi. Alikwenda kusoma mbali, akarudi na friza. Friza ile ilishuka nyuzi themanini chini ya sifuri. Ukiigusa bila glovu, inakata kipande cha ngozi kama risiti. Nilipewa niitunze, pamoja na jenereta lake, na nikaambiwa kwamba kazi ni ileile ya baridi. Hapo ndipo matatizo yalipoanza, kwa sababu haikuwa ileile.

Pale maabara nilimkuta Nestori. Huyu alikuwa Mrundi, mkimbizi, mtu wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta. Kibali chake cha kutoka kambini kilimtaja kama kibarua wa usafi. Ukweli ni kwamba kabla ya kukimbia alikuwa fundi wa maabara Bujumbura, na alijua kufuga seli za binadamu kwenye visahani kuliko yeyote kati yetu. Alisafisha sakafu robo saa, kwa heshima ya kibali, halafu akanawa na kuanza kumfundisha Dokta. Nilipomuuliza namna ya kufuga seli, akasema, "Joto la mwili, chakula kidogo, na usizikoholee."

Nestori alikuwa na binti, Odeta, mwenye miaka ishirini. Odeta alikuwa mzima kabisa mpaka kitu kilie ghafla. Mfuniko wa sufuria ukianguka, Odeta naye anaanguka. Wadogo wawili wa Nestori walikufa ziwani upande wa Rumonge, kila mmoja kwa wakati wake, na wote walikuwa waogeleaji wa kushindana na samaki. Huko kambini watu walisema ukoo ule una ahadi na ziwa. Mashangazi walitaka binti apelekwe kuombewa. Lakini mashine ya kupima umeme wa moyo ilionyesha kwamba moyo wa Odeta ukipiga unachelewa kupumzika. Dokta akatuma damu yake kusomwa, na majibu yakaonyesha kwamba kwenye jeni moja ya moyo, herufi moja imebadilika. Jeni hiyo kazi yake ni kutengeneza mlango mdogo kwenye ukuta wa seli. Chembe za chumvi zenye umeme zinapitia hapo kwenda nje, ndipo moyo unapumzika.

Tatizo ni kwamba herufi ile haikuwahi kuandikwa popote na wataalamu. Huenda ndiyo iliyoharibu mlango, na huenda ni tofauti ya kawaida tu, kama mimi nilivyo na masikio makubwa na nasikia sawasawa. Wakati huo Odeta alikuwa ameanzishiwa vidonge vya kutuliza moyo. Vilimchosha, vikamfanya awe na vidole baridi. Siku moja alikuja mjini na baba yake, akasema mbele yetu sote, kwa upole kama anayeagiza chai:

"Baba, jina letu liko kwenye orodha ya msafara wa kurudi. Nitameza mpaka mniambie ni nini. Mkishindwa kuniambia kabla hatujavuka, navitupa pale mpakani."

"Odeta, wadogo zangu..." Nestori akaanza.

"Wadogo zako mlisema ni ziwa. Mimi siishi ziwani."

Nestori akachukua ufagio akafagia mahali palipokwisha kufagiwa.

Ndiyo maana Dokta aliagiza chembe za lentivirusi. Ngoja niwaeleze kama nilivyokuja kuelewa baadaye. Unachukua kirusi, unakinyang'anya kila kinachokiwezesha kuzaana, unakibebesha mzigo wako. Sisi watu wa Ujiji tunawajua wapagazi: huyu anabeba mzigo, anaufikisha ndani ya seli, na safari yake inaishia hapo. Mzigo wetu ulikuwa ile jeni ya mlango wa moyo, imeunganishwa na lebo ya protini inayong'aa kijani, ili tuuone mlango unaenda wapi. Vichupa vilikuwa vinne: viwili vya jeni nzima na viwili vyenye herufi ya Odeta. Basi. Vingine vingetoka ng'ambo, baada ya miezi.

Kasha lilipaswa kufika Jumatatu. Mvua ikaikatalia ndege, likalala njiani siku mbili. Nilipolifungua, barafu kavu ilikuwa imebaki kipande kama sabuni ya kuogea iliyokwisha. Dokta na Nestori walikuwa kambini. Maagizo yalisema viingizwe kwenye friza palepale. Rubani alikuwa amesema safari ilikuwa nzuri.

Sasa niambieni ninyi, mtu aliyelelewa na Sista Zituni angefanya nini?

Nilichukua kichupa kimoja cha Odeta, nikakiyeyusha kwenye kiganja, nikakitikisa kama mchele wa pilau unavyopepetwa, nikakiweka mezani na kukaa mbele yake nusu saa nzima, mikono kifuani. Machicha hayakuonekana. Ukungu nao haukuwepo, lakini hilo sikulipa uzito. Nikasema safi, kizima, nikakirudisha kwenye friza. Kifuniko kilikuwa kimelegea kidogo, dole gumba likalowa. Nikalifuta kwenye suruali. Daftarini sikuandika kitu, maana nilijua kabisa sikuambiwa nitikise.

Jioni ile nilikutana na Kalume sokoni Mwanga. Alishamjua Nestori, alishasikia habari za wale wadogo zake, na alishamwona akija uwanjani kuulizia kasha. Akaunganisha mwenyewe.

"Mzee Yasini, lile kasha lina ugonjwa wa ule ukoo," akaninong'oneza juu ya fungu la dagaa. "Wameuchuja wakautia rangi ya kijani. Ukigusa tu, umeshaahidiwa kwa ziwa. Hujagusa?"

"Nitaguseje mimi, ni mtoto?" nikasema, dole gumba nikilificha mfukoni.

Hiyo ndiyo hali niliyokuwa nayo ule wakati Nestori alipoyeyusha vichupa viwili, kimoja cha jeni nzima na kimoja cha Odeta, akavidondoshea kwenye seli. Alifanya kazi ndani ya kabati la kioo lenye feni. Siku tatu baadaye Dokta aliinamia darubini. Visahani vya jeni nzima viliwaka. Visahani vya Odeta vilikuwa giza tupu.

"Labda herufi inaua mlango wote kabisa," Nestori alisema, akijaribu kufurahi.

"Au chembe zimekufa," Dokta akasema. "Giza halinieleweshi kitu, Nestori. Siwezi kumpa binti maisha yote ya vidonge kwa sababu ya giza. Na kichupa kilichobaki, kama nacho kimekufa, tutakuwa tumemaliza. Afadhali tuagize vingine."

"Msafara ni baada ya wiki mbili."

"Najua."

Nestori alikwenda kwenye sinki akaosha chupa safi. Akaiosha tena. Akaanza mara ya tatu. Nilikuwa nimejiandaa kufa maji, lakini kumwona mwanamume yule akiosha ile chupa kulinishinda.

"Dokta," nikasema, "mimi nilikitikisa."

"Ulitikisa nini?"

"Kile kichupa. Nilikiyeyusha, nikakitikisa, nikakirudisha."

Dokta alivua miwani. "Kwa nini?"

"Safari haikuwa nzuri."

Mara nyingi nimesimulia kwamba alinirushia kiti. Hakunirushia. Aliifuta miwani kwa pindo la koti, na ningependelea kiti. Kisha akasema polepole, kama anayemsomea mtu hati ya kukodisha shamba: "Mzee Yasini, nilikuwa na miezi tisa mama aliponibeba nije nichanjwe kwenu, na nakuheshimu. Ile chanjo ya pepopunda inaogopa kuganda. Hizi chembe zinaogopa kuyeyuka na kuganda tena. Kila ukifanya hivyo nyingi zinapasuka. Wewe umezifanyia kila kitu kwa kinyume, kwa uangalifu mkubwa."

Nestori alifunga bomba. "Uliyeyusha kimoja au vyote viwili?"

"Kimoja."

"Kipi?"

"Chenye kialama cha wino mwekundu. Nilikiwekea mwenyewe, nisije nikakitikisa mara mbili."

Alifungua friza, ukungu ukamwagika mpaka magotini. Akatoa kijisanduku, akaangalia. Kilichobaki hakikuwa na wino. Akamgeukia Dokta, na kwa mara ya kwanza nikamwona anacheka, meno yote. "Giza ni la mzee. Hiki hakijaguswa."

Tuliyeyusha hicho mara moja tu, mbele ya macho sita. Nestori alitumia visahani vidogo mno ili kitoshe kurudia mara tatu, na kando yake akaweka kile kichupa cha pili cha jeni nzima. Zile siku tatu umeme wa Kigoma ulikatika mara nyingi kuliko ulivyowaka. Nililala na jenereta kama mke mdogo. Nilizuia watu kukohoa mpaka barabarani. Muuza karanga mmoja alihama mtaa.

Asubuhi ya nne Odeta alikuja na baba yake. Dokta alitazama kwanza, muda mrefu, visahani vyote, halafu akasogea. "Tazama mwenyewe. Hizi ni za jeni nzima."

Mimi pia nilipewa zamu. Kila seli ilikuwa na mstari wa kijani ukingoni, kama karabai za wavuvi wa dagaa zilivyojipanga. Kisha Dokta akasogeza kisahani cha Odeta. Kijani kilikuwepo, kingi tu, lakini kilikuwa kimesongamana katikati ya seli, kama abiria wa meli waliokwisha fika bandarini na hakuna anayefungua geti. Ukingoni palikuwa peusi.

"Huyo ni mimi?" Odeta akauliza.

"Ni jeni yako, ndani ya seli ya mtu mwingine," Dokta akasema. "Mlango unatengenezwa. Haufiki ukutani."

"Umekwama."

"Umekwama. Wataalamu wenzangu watataka vipimo zaidi, na nitavifanya. Lakini hii, na ile picha ya moyo wako, zinanitosha kukuambia: meza vidonge, usiogelee, na usikae karibu na mtu anayelipua fataki za harusi."

Odeta alirudisha jicho kwenye darubini. "Basi si ziwa."

"Ego," Nestori akasema kwa Kirundi chao. Ndiyo. 

Odeta akaomba maji. Nilimletea kikombe changu mwenyewe, kile chenye kishikio. Akatoa kidonge kwenye pindo la khanga, akameza, akatuangalia kama vile sisi ndio tuliokuwa tukichelewesha mambo.

Kabla ya msafara Nestori alikuja siku moja ya mwisho. Alinifundisha kufuta lile kabati la kioo kwa dawa, kuanzia ndani kuja nje, na kuandika kila kitu daftarini hata kama ni aibu, hasa kama ni aibu. Alinipa miwani yake ya akiba, yenye plasta. Alikuwa anafunga begi nikaona nikikaa kimya nitakufa yeye akiwa Bujumbura, na nani atanieleza.

"Nestori. Ile siku nilipotikisa, kifuniko kilivuja."

Akaacha begi. "Wapi?"

Nikamwonyesha dole gumba. Nikamweleza yote: Kalume, kijani, ziwa kuita watu, kitambaa chenye maji, magunia ya mlangoni. Alinisikiliza bila kutabasamu, na hilo lilinitisha zaidi. Alikishika kile kidole akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Kulikuwa na kidonda?"

"Hakuna."

"Ulinawa?"

"Nilifuta kwenye suruali. Nikanawa baadaye. Mara kama mia nne."

"Ulipaswa kunawa kwa sabuni palepale na kumwambia Dokta saa ileile. Siku nyingine utafanya hivyo." Akaniachia mkono. "Zile chembe hazizaani, Mzee Yasini. Haziwezi kutoka kwako kwenda kwa mkeo, na ngozi nzima hazipiti. Sabuni inaziua. Leo nenda kaoge ziwani, unanuka."

"Na ule ugonjwa?"

"Hauambukizwi. Si kwa chembe, si kwa mkono, si kwa maji. Unarithiwa." Akafunga zipu ya begi. "Odeta aliupata kwangu. Majibu ya damu yangu yalikuja jana, na mimi nimeanza vidonge."